Mita Iliyobisha Hodi

Usiku wa kuamkia leo nimeota mita yetu ya umeme imebanduka ukutani, ikaja mlangoni ikabisha hodi, na mimi kwa mdomo wangu mwenyewe nikaikaribisha ndani. Msinicheke. Chai nimeinywa na bado natetemeka.

Naitwa Saumu, naishi hapa Tanga, na mume wangu Hemedi ananiita Waziri wa Nishati. Ananitania, lakini jina limenikaa. Mimi taa ikiwaka chumbani hamna mtu, nasikia kama ninachomwa. Sheria za nyumba hii nimezitunga mimi, nikazitangaza watu wakiwa mezani, kila mmoja akasikia. Kisichotumika kizimwe, na kizimwe mpaka kwenye soketi, siyo kukiacha kile kitaa chekundu cha televisheni kinakodoa jicho mpaka asubuhi. Sufuria ifunikwe. Friji usilifungue ukasimama kufikiri, fikiri kwanza ndipo ufungue. Pasi ni Jumapili tu, nguo za wiki nzima kwa mkupuo mmoja. Na sebuleni taa moja inatosha, kwani mnatafuta sindano? Haba na haba hujaza kibaba, na anayenuna anune.

Tunaishi na bibi yangu mzaa mama, Bi Mwantumu. Yeye ndiye aliyenilea. Amezoea kuniita mke mwenzangu, maana babu, Mungu amrehemu, alikuwa akiniita mchumba wake, na mimi na Bibi tulimgombea mzee wa watu mpaka siku aliyofariki. Bibi alikuwa na mdomo, nyie! Akikusema unatafuta pa kujificha. Lakini tangu kiharusi kimpige, kabla ya Ramadhani, hajatamka neno. Anakula, anaangalia, ukimgeuza anageuka. Daktari alisema maneno huenda yakarudi na huenda yasirudi. Kila nikimaliza kuswali naomba jambo hilo moja, nimsikie, hata kama ni kunitukana.

Haya, sasa ndoto.

Ni alasiri, jua bado kali. Nimekaa jikoni na ungo, nachagua mchele. Vijiwe ninavyovitoa vinapiga chafya, na mimi naviambia "afya" kimoja kimoja, wala sioni ajabu yoyote.

Mlangoni ikasikika sauti. "Hodi!"

"Karibu!" nikaitika.

Hapo ndipo nilipokosea. Sikuuliza ni nani. Lakini nani kati yetu huuliza? Ukilelewa na watu, hodi ikipigwa mdomo unaitika wenyewe, macho bado yako kwenye mchele. Nilipoinua uso, Mita alikuwa ameshaingia.

Alikuwa na urefu wa mlango. Amevaa koti la kijivu, kifuani ana kile kioo chake kidogo chenye namba, na badala ya miguu ana nyaya mbili nene. Kidole chake cha shahada kilikuwa kirefu, bapa mbele, cha kubonyezea. Akasimama akafuta nyaya zake kwenye kitambaa cha mlangoni, huu na huu, taratibu. Mtu mbaya mwenye adabu ananitisha kuliko mwenye panga.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema, akakaa kwenye kiti cha Hemedi.

"Nikuletee maji?"

"Maji na mimi hatuna usalama."

Nikamwomba radhi, kwa kweli nilikuwa nimeuliza upuuzi.

"Miaka yote hii niko ukutani pale nje," akasema, "nawasikiliza. Kila sauti iliyowahi kupita humu ninayo. Nyumba nyingi zina kelele tu. Hii ina sheria. Nimezipenda sheria zako, Saumu, na leo nimekuja kuzitekeleza."

"Zote?"

"Zote. Kabla jua halijazama."

Nikacheka kidogo, kile kicheko cha kumpendeza mgeni. Yeye hakucheka.

Hemedi anaingia kutoka kazini. Kichwani amevaa kifuniko cha sufuria, kimemkaa sawasawa mpaka kwenye nyusi, na mvuke unamtoka masikioni.

"Mume wangu, una nini kichwani?"

Akainua kifuniko kidogo ili anijibu. Mvuke ukatoka fuuu, ukagonga dari.

"Usifunue funue!" Mita akamkemea. "Joto linapotea."

Hemedi akakirudisha mbio. Nikasikia maneno yake yanachemka chini ya kifuniko, jina langu linapanda na kushuka kama punje za kunde. Nikavuta kigoda nikasubiri yaive. Hayakuiva. Yalipungua tu, yakawa yanaungua kwa chini, nikaanza kusikia harufu.

"Hemedi," nikasema, "epua."

Hemedi akanitazama kwa huruma. Hakujua namna ya kujiepua.

"Taa moja inatosha," Mita akasema, na jicho langu la kushoto likazimika.

Halikuuma. Nilisikia tu tak! nyuma ya sikio, na nusu ya nyumba ikaondoka. Ilikuwa ile nusu yenye mlango wa kutokea. Nikageuza kichwa kuutafuta mlango, na kila nikigeuka ulikuwa upande uleule uliozimwa.

Pasi akashuka rafuni mwenyewe, waya wake unamfuata nyuma, anatoa joto.

"Nimeshamaliza zote," akaniambia.

"Nguo?"

"Siku."

Akanionyesha kabatini. Wiki nzima ilikuwa imepigwa pasi, imekunjwa, imepangwa, Jumatatu mpaka Jumapili, mistari imesimama vizuri kabisa. Nikatafuta kesho. Ilikuwa chini ya zote.

"Ukiivuta hiyo, zote zitajikunja na mimi sirudii," Pasi akasema. Akaenda kupoa dirishani.

Kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kusema tutalizungumza kesho. Lolote litakalofanyika, lingefanyika kabla ya jua kuzama, na jua lilikuwa limeshafika usawa wa ukuta wa jirani.

Mita akaanza kuzunguka sebuleni. Anakitazama kitu, anauliza, "Hiki kinatumika?" na kabla sijajibu anabonyeza. Akabonyeza saa ya ukutani, mishale ikalala. Akabonyeza picha ya harusi yetu, maana ni kweli hatujaitazama siku nyingi, na mimi na Hemedi tukatoweka ndani ya fremu, likabaki pazia la studio. Akabonyeza goti la Hemedi, kwa kuwa Hemedi hakimbii. Hemedi akakaa chini polepole bila kulalamika.

Halafu akanigusa shingoni kwa ncha ya kidole. Kilikuwa cha baridi.

"Kuna wimbo hapa ulikuwa ukiuimba ukifua. Siku hizi huuimbi."

Tak. Nikautafuta ule wimbo. Nilikumbuka beseni, nilikumbuka povu, wimbo haupo. Jamani, sijawahi kuogopa namna ile. Ni kama kutia mkono mfukoni ukakuta mfuko wenyewe umeondolewa.

"Chumba cha nyuma kuna nini?" Mita akauliza.

"Stoo," nikasema haraka. "Vyombo vibovu tu, na panya. Panya wengi."

Friji akafungua mlango. "Mwongo," akasema, akafunga, pa! Akafungua tena. "Kuna," pa! Akafungua mara nyingine. "Bibi," pa! Neno moja kwa kila kufungua, ili baridi isitoke.

"Friji wewe! Na kitambaa cha kufuma nilichokufunika kichwani kwa mikono yangu!"

Friji akafungua. "Samahani," pa!

Mita akasimama. Namba za kifuani mwake zikaanza kukimbia.

"Huyo bibi anafanya kazi gani?"

"Ni bibi yangu."

"Nimeuliza kazi."

"Amenilea. Ameuza maandazi mpaka nikamaliza shule. Ameuguza watoto wa mtaa mzima huu, waulize, watakwambia."

"Hayo ni ya zamani. Leo anafanya nini?"

Nikafungua mdomo. Nikatafuta, nikatafuta, mbele ya wale wote, Friji, Pasi, Hemedi na kifuniko chake. Machozi yakaanza kunitoka kwa jicho moja.

"Anakaa," nikasema.

"Anakaa," Mita akarudia. "Kitaa kinawaka, kazi hakuna. Ni hali ileile ya televisheni."

"Niliisemea televisheni!"

"Ulisema kisichotumika kizimwe. Hukusema isipokuwa bibi."

Nikamshika koti. Nikamwambia anizime mimi, azime jicho lililobaki, azime mikono, mimi nina vingi visivyotumika, atafute. Akakitoa kiganja changu kwenye koti lake kidole kimoja kimoja, kwa upole, akaanza kuelekea korido.

Korido yetu haina kitu, hatua chache uko mlangoni kwa Bibi. Safari hii ilifunguka ikawa shamba la michungwa kule Muheza, kwao Bibi alikozaliwa. Machungwa yote yalikuwa yamewaka. Kila tunapoupita mti, machungwa yake yanazimika.

"Hatuyahitaji tena," Mita akaeleza bila kugeuka.

Nikatazama nyuma. Giza lilikuwa limesimama nyuma ya kisigino changu, wima, kama ukuta. Nikipunguza mwendo linanigusa. Lilinigusa mara moja kwenye unyayo, na kwa muda sikujua kama nina mguu.

Chungwa moja la chini kabisa likaniita. "We mtoto! Unakwenda kwa Mwantumu?"

"Ndiyo, shikamoo."

"Marahaba. Mwambie tunamkumbuka. Alikuwa akitupanda na kaniki yake, hashuki mpaka kibuyu kijae matus..."

Likazimika kabla halijamaliza. Sikuwa na hata muda wa kulisikitikia, Mita alikuwa amefika.

Mlango wa Bibi ulikuwa umesimama peke yake katikati ya miti, na kanga yake ya pazia inapepea. Jua lilikuwa limekaa juu ya kizingiti. Mita akasimama mbele ya pazia, akajiweka sawa koti.

"Nyumba umenikaribisha wewe," akasema. "Chumba ni chake. Nitabisha mara tatu kama ilivyo ada. Akiitika karibu, naingia, namzima. Asipoitika mara zote tatu, narudi ukutani kwangu na sina kinyongo na mtu. Mimi si jambazi."

Mimi sikumngoja. Nikapita chini ya mkono wake, nikaingia.

Bibi amekaa kitandani, miguu juu, mto mgongoni, vilevile nilivyomwacha. Kifuani, chini ya gauni, kitaa chekundu kidogo kinawaka. Kinawaka, kinafifia, kinawaka. Nikapiga magoti nikamshika mikono.

"Bibi, sikiliza. Atabisha hodi. Usiitike. Nakuomba, usiitike."

Akanitazama.

Ndugu zangu, mnaelewa nilikuwa naomba nini? Miezi yote hii sijui nimelia mara ngapi nikiomba maneno ya mtu huyu. Na sasa nimempigia magoti namwomba anyamaze. Na anyamaze nini, hodi! Bibi Mwantumu hajawahi kumwacha mtu mlangoni. Siku ya uchungu wa kumzaa mjomba wangu aliitika hodi katikati ya kusukuma. Siku ya msiba wa babu, analia, hodi ikapigwa, akaitika karibu kisha akaendelea kulia. Hiyo ndiyo asili yake, wala si jambo analolifikiria.

"Hodi!" Mita akaita.

Midomo ya Bibi ikatikisika. Nikasikia pumzi inajikusanya. Nikamkandamiza mikono, "Bibi, Bibi, Bibi," na ile pumzi ikatoka bila neno. Kitaa kikafifia, kikarudi.

Nje nyaya zikakwaruza mchanga.

"Hodi, mama watoto." Ilikuwa sauti ya babu.

Haikuwa ya kuigiza. Ilikuwa yake mwenyewe, na lile kohozi lake la sigara ndani yake. Mita alisema kila sauti iliyopita ndani ya nyumba anayo, na nilimsikia, nikalisahau. Bibi akafumba macho. Machozi yakamshuka mpaka kidevuni, mdomo ukaanza kufunguka, na mimi nikaona hapana, hapa sina adabu tena. Nikamziba mdomo kwa kiganja. Nikakandamiza. Nikamsikia akihema ndani ya mkono wangu, joto, haraka haraka, na nikasema moyoni Mungu wangu, huyu nitamuua mimi mwenyewe kabla Mita hajafika.

Lakini hakuitika. Imebaki hodi moja tu.

Mwanga wa jua ukapanda ukutani, umekuwa mwembamba.

"Hodi, Bibi. Ni mimi."

Ilikuwa sauti yangu.

Niko ndani nimemziba mdomo, na niko nje namwita. "Bibi, ni mimi, nifungulie, kuna mtu humo ndani." Nilivyokuwa nikilia kule nje! Hata mimi nilitaka kwenda kujifungulia. Bibi akautazama mlango. Akanitazama mimi, mwenye jicho moja, niliyemkaba. Nikaona anajiuliza yupi ni yupi, na nikaona kabisa kwamba yule wa nje anafanana na mjukuu wake zaidi yangu.

"Bibi, mimi ndiye," nikasema.

"Bibi, mimi ndiye," sauti ya nje ikasema.

Bibi akaniuma.

Aliniuma kwa nguvu zote, kwenye nyama ya chini ya kidole gumba, kwa meno yake yaliyobaki, mawili ya juu na moja la chini upande upande. Nikapiga ukelele, nikaachia. Nikajua yamekwisha. Nikaona midomo inajipanga, nikaziba masikio, na bado nikasikia.

"Nani?"

Sauti ilikuwa imekauka, ina kutu, lakini ni yake.

"Mimi," sauti yangu ikajibu.

"Mimi nani?"

"Mimi Saumu, Bibi."

"Mwongo mkubwa we. Saumu huyu hapa kaniziba mdomo, na mkono unanuka vitunguu. Na huyu mke mwenzangu hana adabu, hajapata kubisha hodi kwangu tangu ajue kutambaa. Wewe nani?"

Nilitaka kucheka, nilitaka kumrukia. Ndipo nikakiona kitaa. Kilikuwa kimefifia, na kila neno lililotoka lilikivuta chini zaidi. Alikuwa na akiba ndogo tu, na alikuwa anaimwaga yote mlangoni.

Mita akarudi kwenye sauti yake. Akataja namba zake, zile ndefu zilizoandikwa kwenye bati, mpaka ya mwisho.

"Hizo namba," Bibi akasema. "Nimekuuliza jina."

"Sina."

"Mtoto wa nani?"

"Sijui."

"Kwenu wapi?"

"Ukutani."

"Yarabi!" Bibi akasema, na alikuwa anamwonea huruma kweli. "Mtu mzima unapita nyumba za watu, hujui hata wewe nani."

"Bibi, basi!" nikapiga kelele. "Yanaisha! Yabakize!"

Akanigeukia, amekasirika kidogo, kama zamani nilipokuwa nikikataa uji. "Niyabakize nimwachie nani? Nyamaza, nazungumza na mgeni."

Kitaa kilikuwa kimebaki kama kichwa cha kiberiti.

"Niitikie karibu tu, Bibi," Mita akasema nje. Sauti ilikuwa inamtetemeka. "Neno moja tu. Giza linaingia na mimi sijawahi kukaa gizani."

"Rudi kwenu. Ukishajua jina lako, uje mchana tukupe chai."

"Sinywi."

"Basi utakaa tu. Watu hukaa."

Nikasikia nyaya zikiburuzika kwenye mchanga, kwenda, kwenda, mpaka zikapotea. Nikageuka kumwambia Bibi ameshinda. Kitaa kilikuwa kimezimika.

Nikamwita. Nikampapasa usoni gizani, nikagusa pua, nikagusa midomo, nikaweka kiganja pale nilipokuwa nimeziba na hakukuwa na joto. "Bibi!" Nikamtikisa. "Bibi, nitukane! Sema lolote! Bibi!"

"Saumu! Saumu we!"

Alikuwa Hemedi, amenishika mabega. Kulikuwa kumekucha, jua liko kwenye pazia. Kichwani hana kitu.

"Unapiga kelele, mke wangu. Unaota nini?"

Nikaruka kitandani nilivyo, bila hata kanga, nikakimbia korido. Ilikuwa fupi. Mlangoni kwa Bibi nikasimama nimeshika pazia, nahema, naogopa kuingia, naogopa kutokuingia. Nikalivuta.

Amekaa kitandani, mto mgongoni, macho wazi. Ananitazama.

"Bibi?"

Hakusema kitu. Ni yuleyule wa jana na juzi. Nikamgusa shavu, lina joto. Nikakaa chini sakafuni nikalia kwa furaha na kwa uchungu vyote pamoja, maana yu hai, alhamdulillahi, na maneno hayapo, na mimi nilikuwa nimeyasikia.

Baadaye nikapika uji, nikamletea. Nilipokishika kikombe kwa mkono wa kulia, nikasikia maumivu makali, nusura kinianguke. Nikakiweka chini. Nikafunua kiganja.

Chini ya kidole gumba pamevimba, pekundu. Kuna alama mbili juu, na moja chini, upande upande.

Hemedi alikuwa amesimama mlangoni. "Umejiuma usingizini," akasema.

"Mimi nina meno yote, Hemedi."

Akakitazama kiganja. Akamtazama Bibi.

Nikasogea mpaka kitandani, nikamnyooshea Bibi mkono. Akautazama ule uvimbe kitambo. Kisha akageuza uso ukutani, haraka, kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni, na nikaona mabega yake yanaanza kutikisika. Nikaogopa, nikadhani ni kiharusi kingine. Nikamgeuza uso.

Alikuwa anacheka. Bila sauti, mdomo wazi, machozi yanamtoka.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "unauma kama siafu."